Mtu Aliyewasemea Watekaji

Mimi sikupenda sinema, na bado sizipendi. Nasema hivyo mapema ili mtu asifikiri namsifu yule bwana kwa ajili ya kazi yake. Nilikuwa nauza chai na mihogo ya kukaanga mlangoni pa kibanda cha video hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, kwenye njia ya kushuka soko la Mpondwe, na yeye alikuwa ndani na kipaza sauti chake. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mabanzi na gunia lililotundikwa badala ya pazia. Miaka mingi nilimsikia zaidi kuliko nilivyomwona.

Vijana walimwita Vijei, jina wanalowapa watu wa kazi hiyo mpaka Kampala. Sisi watu wazima tulimwita Mtafsiri. Sinema inakuja na Kiingereza chake au Kichina chake. Yeye anakaa kando ya televisheni, anapunguza sauti za wale wa ndani, halafu anasema yeye badala yao wote, mwanamume, mwanamke na mtoto. Sinema ile ile ungeipata Kasese mjini yenye picha safi zaidi, lakini watu walitoka Nyakiyumbu kwa miguu waje kuisikia kwake.

Sinema zake zilikuwa za kuteka watu. Nyingine hakuzitaka. Za mapenzi alisema zinamletea usingizi. Za vita alisema vita tunavyo vya bure hapo ng'ambo ya mto. Alitaka ile ambayo mtoto wa tajiri anachukuliwa asubuhi akienda shule, simu inalia nyumbani, baba anaipokea, na sauti inamwambia alete pesa na asithubutu kwenda polisi. Simu ikilia ndani ya sinema, kibanda kizima kilinyamaza hata nikasikia mafuta yangu yakichemka kwenye karai.

Watekaji aliwapa Kiswahili cha jeshi. "Wee, kaa chini. Nani amekuambia ulie? Lia kwa utaratibu." Baba wa mtoto alimpa Kiswahili cha upande wa Kongo, cha kunyenyekea. "Bakubwa, mutoto wangu iko wapi? Muniambie tu kama anakula." Watu walicheka na wengine wakafuta macho, kwa sababu Kiswahili cha kwanza tulikijua kutoka kizuizi cha barabarani na cha pili kutoka sokoni. Wale Wazungu wakawa watu wetu.

Siku moja mtekaji wa kwenye sinema alitaka pesa ziachwe mahali. Mtafsiri akasema, "Weka mfuko chini ya daraja la Lubiriha, upande wa Uganda, na usije na afande." Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Nikaona wanaume wawili wazima wameinama chini ya lile daraja, suruali zimekunjwa, wanajifanya wananawa miguu. Mmoja alikuwa shemasi wa kanisa letu.

"Umepoteza nini huko, shemasi?" nikamuuliza.

"Sijapoteza kitu, mama. Naangalia maji."

Sinema yenyewe hakuiangalia kabla ya kuionyesha. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Nikijua mwisho sitaogopa. Nisipoogopa, wao wataogopa nini?" Kwa hiyo alikosea mara nyingi. Aliwahi kuwaambia kwamba mwanamume fulani ni mjomba wa mtoto, mtu wa huruma, kaja kusaidia. Karibu na mwisho ikaonekana huyo ndiye aliyemteka. Watu wakapiga kelele. Yeye akasema bila hata kukohoa, "Niliwaambia ni mjomba. Ndiyo, ni mjomba. Kwani nyinyi hamna wajomba?" Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisimama siku nyingine akasema, "Mtafsiri, huyo mtu hakusema hivyo." Akajibiwa, "Mwalimu, umelipa kuingia au umelipa kufundisha? Kaa, unawaziba."

Jambo moja hakulibadilisha kamwe. Kwake, mtu aliyetekwa hakufa. Zamani kidogo, mwanamke aliyekuwa amefiwa na mtoto aliingia kibandani, akaona mtoto wa kwenye sinema anauawa, akaanguka kati ya mabenchi na kulia kilio cha matanga. Tangu hapo Mtafsiri akaweka sheria yake. Mateka akipigwa risasi, alisema, "Amezimia." Mateka akiwekwa kwenye sanduku, alisema, "Wanampeleka hospitali, wamemfunika vumbi lisimwingie."

"Mtafsiri," vijana walimpigia kelele, "huyu wanamuzika."

"Wanamzika akiwa amezimia. Mtaona."

Sinema ilikwisha na mtu hajafukuliwa, na watu walitoka wakimcheka, lakini walitoka wakicheka. Nilimwambia huo ni uongo. Alisema, "Mama, hawa wametoka shambani. Waende walale."

Nje ya kibanda alikuwa mtu mwingine. Sauti iliyowatisha watu wazima ilibaki mle ndani. Kwenye benchi langu alizungumza chini chini mpaka uiname ndipo umsikie. Chai aliijaza sukari. Kikombe alikishika kwa mikono miwili hata siku ya jua kali. Aliogopa mbwa. Kutoka kwake mpaka kibandani ni njia fupi, lakini alizunguka kwa kanisa la Kianglikana kwa sababu ya mbwa mmoja mzee asiye na meno. Mtu aliyesema kila jioni, "Nisogelee nikupasue kichwa," alizunguka kwa ajili ya mbwa huyo, na hakuona haya.

Jumapili hakufungua kibanda mpaka watu watoke kanisani. Tusi la mama hakulitafsiri. Alisema, "Hapa wametukanana, tuendelee." Alikuwa na adabu, hilo siwezi kumnyima.

Lakini habari mbaya hakuweza kumpa mtu. Mwanzoni nilikuwa nikiliona jambo hilo kama kichekesho. Kuku wangu mwekundu, mtagaji mzuri, alikanyagwa na bodaboda mbele ya kibanda nikiwa nimekwenda kuchota maji. Niliporudi nikamuuliza kama amemwona. Akasema, "Nimemwona akielekea kule madukani." Nikamtafuta kuku madukani. Nikarudi nikaona manyoya kwenye lami.

"Wewe bwana, ulikuwa hapa. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja unacheka na wale akina mama," alisema. "Nikaona nikuache kidogo."

Nilimwambia mtu mzima haachwi kidogo. Akaitikia, "Ndiyo, mama." Sikulitilia maanani tena.

Sasa nifike kwa mwanangu. Mwanangu Bwambale aliendesha Fuso. Alipakia chumvi ya Katwe au simenti, akavuka mpaka, akapeleka Beni. Barabara ile ya Kongo ilikuwa mbaya miaka hiyo, watu walichukuliwa humo na kuingizwa msituni, na kila safari nilimwambia aache. Alisema, "Mama, nikiacha tutakula nini, mihogo yako?" Alikuwa na mke, Biira, watoto wawili, na Biira alikuwa na mimba kubwa.

Siku moja utingo wake alirudi peke yake kwa pikipiki ya mtu, shati limechanika. Alisema gari limesimamishwa, Bwambale amepelekwa porini, yeye ameruka mtaroni. Mchana wa siku iliyofuata simu ya Biira ikalia, na namba ilikuwa ya mume wake. Akapokea kwa furaha. Mwanamume akasema kwa Kilingala. Biira hajui Kilingala, mimi sijui. Kiswahili alichochanganya kilitosha kutujulisha kwamba wanataka pesa.

Nyumba ilikuwa imejaa majirani. Mwenyekiti wa mtaa akasema, "Mwiteni Mtafsiri." Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya haki, maana yule bwana alibeba mizigo Kongo ujanani na Kilingala alikijua. Ya pili alisema hivi: "Halafu watekaji anawajua. Ndiyo kazi yake." Hakuna aliyecheka. Nyumba nzima ya watu wazima, na mimi nikiwemo, tuliona ni maneno ya akili. Mtu ambaye hakuwahi kumwona mtekaji hata mmoja kwa macho yake, tulimwita kama unavyomwita daktari.

Alikuja. Nadhani naye aliamini. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, alisema twende kwa wanajeshi pale kizuizini, wana watu wao upande wa pili. Mtafsiri akasema, "Hapana, muzee. Mukienda kwa afande, watamumaliza." Na sisi sote tulikuwa tunalijua hilo. Tulilisikia mara nyingi sana. Hatukujiuliza tulilisikia wapi.

Simu ilipolia tena, alisimama, na sauti yake ya chini ikaondoka. Ilikuja ile ya kibandani. Aliongea nao kwa nguvu, akawaambia hatuongei pesa mpaka tumsikie mtu wetu. Wakamleta. Simu ikawekwa wote tusikie. Mwanangu alisema, "Mama, ni mimi. Musilie. Fanyeni mbio." Kisha Mtafsiri akaomba tupewe siku kadhaa. Kwenye sinema zake anayeomba siku hupata nafasi ya kumtafuta mtu wake. Alipokata simu alituambia, "Nimepata muda." Watu wakamshika mkono. Mwanangu alisema mbio, na sisi tukafurahia muda.

Tuliuza mbuzi. Kanisa lilipitisha sahani. Shemeji alitafuta mnunuzi wa shamba la kahawa. Jumapili mchana, watu wametoka ibadani na kujaa kwangu hadi uani, simu ikalia. Mtafsiri akaipokea akiwa amesimama dirishani. Yule mtu alisema kifupi sana. Mtafsiri alibaki na simu sikioni, nami nilikaa karibu yake, nikadhani upande wa pili bado wanasema. Kisha akageuka. Biira alikuwa sakafuni amekaa kwenye mkeka, mikono juu ya tumbo, anamtazama mdomo. Sote tulimtazama mdomo.

"Wanasema Bwambale iko muzima," akasema. "Amekula muhogo na samaki. Wanahama, wanaenda mahali hakuna mtandao, kwa hiyo tusipige. Watatafuta sisi wenyewe. Na Bwambale anasema mama asilale njaa."

Akina mama wakapiga vigelegele. Niliona kwamba yule alisema kifupi na huyu amesema kirefu, lakini Mtafsiri siku zote alisema kirefu kuliko wenye sinema. Sikushangaa. Nilimchinjia jogoo. Alikula. Alipofika mlangoni akarudi nyuma, akasimama.

"Mama."

"Nini?"

"Asante ya chakula."

Simu haikulia tena. Biira alijifungua mtoto wa kiume, akakataa apewe jina la baba yake, kwa sababu baba yake atarudi na hapawezi kuwa na wawili. Mtafsiri aliacha kunywa chai kwangu. Nilifikiri ana haya kwa sababu muda alioomba haukuleta mtu. Halafu kibanda chenyewe kikafa. Diski zilianza kuja kutoka Kampala zikiwa zimeshatafsiriwa, vijana wakawa na sinema ndani ya simu, na mtu wa kukaa kando ya televisheni hakuhitajika. Mabanzi yaliuzwa. Wengine walisema wamemwona Kasese kwenye stendi ya teksi akiita abiria, kwa sauti ile. Sikumfuata.

Kwetu, mtu akifa mwili usipatikane, tunazika mgomba. Unakatwa, unavikwa shuka, unawekwa kaburini kwa sala, na matanga yanakaa na kuisha. Lakini mtu aliye hai ukimzikia mgomba, umemuua kwa mikono yako. Shemeji alikuja mwaka wa pili kuuliza kama tuzike. Biira akamjibu, "Mtafsiri alisikia kwa masikio yake." Akaja tena, jibu likawa hilo. Mtu mmoja wa Nyakiyumbu, mkulima mwenye heshima aliyefiwa na mke, alimtaka Biira. Alikuja na wazee wake, wakakaa vizuri, wakaongea vizuri. Biira aliwapa chai akawaambia yeye ana mume. Niliona mikono yake ilivyoshika birika. Alikuwa bado msichana. Mimi mwenyewe, watoto walipouliza baba yuko wapi, niliwaambia anakula muhogo na samaki.

Hayo ndiyo yalitufanya tuzeeke. Kifo kingetuvunja halafu tungesimama. Hatukupewa kifo.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda Katwe kununua chumvi. Chai nilikuwa nimeiacha, magoti hayataki kuchuchumaa. Wenye mashimo ya chumvi wanasimama ndani ya yale maji mekundu ya ziwa tangu asubuhi, na miongoni mwao nikamwona mtu mwembamba anakokota chumvi kuileta ukingoni. Alipoinua kichwa nikamjua. Naye akanijua. Hakukimbia. Alitoka majini, miguu imepasuka mpaka kwenye nyama, akasimama mbele yangu kama mtu aliyeitwa.

"Mama."

"Uko mzima?"

"Niko, mama. Biira alizaa nini?"

"Mtoto wa kiume. Anakwenda shule."

Akaitikia kwa kichwa. Akatazama ziwa. Kisha akasema kwa sauti yake ya chini, nikainama kumsikia.

"Mama, ile siku ya Jumapili sikuwaambia vile walisema."

Nikamwambia, "Walisemaje?"

"Walisema amekufa."

Chumvi ya watu ilikuwa inapakiwa nyuma yangu. Nilisikia makoleo. Nikamwambia, "Niambie kwa maneno yao. Kilingala."

"Hutasikia, mama."

"Sema."

Akasema, "Moto na bino akufi. Boluka ye te."

"Maana yake?"

"Mutu wenu amekufa. Musimutafute."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Nilimuuliza kama walisema aliuawaje, akasema hapana. Nilimuuliza kama ni kwa sababu ya muda alioomba. Alisema hajui, na kwamba hilo ndilo analolala nalo. Nikamuuliza kwa nini. Alisema, "Biira alikuwa pale chini na tumbo lake. Nikasema nitawaambia kesho. Kesho nikakuta munaimba."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulikuwa tayari. Nilitazama ile miguu, nikaona maji ya chumvi yalishampiga vya kutosha, na kumpiga hakungemrudishia Biira hata mwaka mmoja. Nikamwambia, "Mimi sitambebea mkwe wangu maneno yako. Vaa viatu."

Tulipanda gari mpaka Kikorongo, tukabadilisha, tukafika Bwera jua likiwa bado juu. Biira alikuwa uani anaanika mihogo. Alipomwona Mtafsiri, uso wake ulifunguka, akanyanyuka haraka, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Wamepiga simu?" akauliza.

Yule mtu alisimama mbele yake, akayasema maneno yale, Kilingala kwanza, kisha Kiswahili, kama nilivyomwagiza. Hakuongeza hata moja. Biira alimtazama mdomo mpaka ukafungwa. Akauliza, "Lini?"

"Jumapili ile walipopiga."

Biira akakaa chini polepole, kando ya mihogo yake. Hakupiga kelele. Alimwambia, "Ulikula jogoo wetu." Ni hilo tu alimwambia, na hakumsemesha tena.

Shemeji aliitwa. Kesho yake asubuhi mgomba ulikatwa shambani, tukauvika shuka, mchungaji akaja, na vijana wakaanza kuchimba kando ya kaburi la mume wangu. Mtafsiri alikuwa amelala kwa jirani. Alikuja, akashika jembe lililokuwa limewekwa chini, akaingia shimoni. Vijana wakatoka mmoja mmoja.

Kwetu kaburi linachimbwa kwa kupokezana. Mmoja akichoka, mwenzake ananyoosha mkono kupokea jembe. Siku ile watu walikuwa wengi, wenye nguvu zao, wamesimama pembeni. Hakuna aliyemfukuza. Alipochoka akainua jembe, akangoja, na hakuna aliyelipokea. Akainama tena akaendelea kuchimba.